Fundi Makochi Alipotoa Maoni

Kusema kweli, fundi makochi hakuwa na maoni yoyote kuhusu jambo lile. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu, misumari minne ameibana kwa midomo, anavuta kitambaa kikae sawa kwenye kona, ndipo dada mmoja mwenye kipaza sauti alipoingia karakana akifuatwa na mpiga picha. Walikuwa wakipita mtaani kukusanya sauti za wananchi. Swali lao lilikuwa lile lile lililozungumzwa juma zima kwenye kipindi cha saa kumi jioni: msichana aliyepata mimba akiwa mwanafunzi, akishajifungua, aruhusiwe kurudi darasani au asiruhusiwe?

Angeweza kusema hajui. Wako watu wengi wenye heshima zao ambao husema hawajui, na jua likazama salama. Lakini karakana ile ilikuwa na televisheni, imewekwa juu ya rafu ya sponji na kufunikwa nailoni isiingie vumbi, nayo ilikuwa ikiwaka tangu wanafungua mpaka wanafunga. Wenzake wawili, mshonaji wa vitambaa na mpaka vanishi, walimwita Mheshimiwa kwa jinsi alivyokuwa akirudia kila kinachosemwa mle. Wiki ya bei ya mafuta aliongea kama waziri. Wiki ya ugomvi na nchi jirani aliongea kama jenerali. Ukimbishia anakuuliza, "Wewe umesoma wapi?" na yeye mwenyewe hajasoma popote, amesikia tu.

"Haya, Mheshimiwa," mshonaji akamchokoza, "leo bunge limekufuata mwenyewe."

Fundi akatema misumari kiganjani, akajifuta jasho, akaikazia macho kamera. Yaliyomtoka yalikuwa maneno ya mgeni wa kipindi cha jana yake, bwana mmoja mwenye tai ya zambarau ambaye hata jina lake fundi hakulishika.

"Mimi nasema hivi. Tunda bovu hulirudishi kapuni. Ukilirudisha, umeozesha kapu zima. Hata angekuwa binti yangu wa kumzaa, ningemwambia: shule basi, kaa nyumbani ulee."

Lile la binti yangu halikuwa la bwana wa tai. Hilo alilitia yeye, kwa sababu aliona dada mwenye kipaza sauti anatikisa kichwa kwa kuridhika, na mtu akitikisiwa kichwa na televisheni hukosa breki. "Safi sana, mzee wangu," dada akamwambia. Mazungumzo yote yalichukua sekunde kumi na nane. Fundi akarudisha misumari mdomoni, akaendelea na kona yake.

Kesho yake aliwahi kurudi nyumbani ili ajione. Mkewe alikuwa ameshawaita majirani, sebule imejaa mpaka wengine wamekaa kwenye mikono ya makochi, makochi ambayo fundi mwenyewe aliyatengeneza kwa mabaki ya kazi za watu, kila moja na rangi yake. Binti yao wa pekee, wa kidato cha tatu, alitoka shule akakuta umati huo. Kabla hajavua viatu mama yake alimpa sinia la vikombe.

Katika nyumba ile baba ndiye aliyekuwa laini. Mama ndiye fimbo, mama ndiye "rudia tena kusugua hilo sufuria". Glasi ikivunjika, binti alikimbilia kwa baba, na baba alikuwa akisema ameivunja yeye. Mkoba wa kwanza wa shule wa mtoto huyo aliushona baba kwa kitambaa cha kochi chenye maua makubwa. Wenzake walimcheka siku mbili, siku ya tatu wakaanza kuuliza baba yake anawashonea watu wengine au vipi. Mtu akijua hayo ndipo ataelewa uzito wa kilichotokea jioni ile, ingawa kwa macho hakikuonekana.

"Kimya! Kimya, huyo!" mke wa fundi akapiga kelele.

Fundi akatokea kwenye kioo, mkubwa, shati limemlowa kifuani. Akasema tunda, akasema kapu, akasema binti yangu wa kumzaa. Sebule ikalipuka kwa makofi. "Jirani, umenena!" "Huyu tumpe ubunge, hawa wengine watuondokee!" Fundi alicheka huku akijifanya anaona haya. Binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia lake. Alikuwa na siku tisa tangu ajue kwamba ana mimba, na hakuna aliyejua zaidi yake; kijana wa duka la kupiga chapa aliyehusika alikuwa ameshahama mtaa bila kuaga. Alicheka na wengine, akachelewa kidogo tu, kisha akageuka akarudi jikoni na vikombe vyote vikiwa vimejaa.

"Wewe, chai vipi?" mama yake akauliza.

"Inakuja, Mama."

Watu wa televisheni waliipenda ile sura ya fundi kuliko walivyopenda sura za maprofesa wao. Wakaikata, wakaiweka mwanzoni mwa kipindi, ikawa kila siku saa kumi kabla ya muziki kwisha fundi anatokea na kapu lake. Wateja wakawa wanaingia karakana wanasema, "Naomba bei ya kochi, lakini lisiwe na tunda bovu ndani." Fundi akawa ananyoa ndevu kila asubuhi. Kichwa kilimvimba, na sisi tuliokuwa karibu naye tulichangia kukipuliza.

Baada ya wiki mbili shule ya binti yake iliitisha kikao cha wazazi. Sheria ilikuwa bado haijapitishwa, kwa hiyo kila shule ilitakiwa kukubaliana na wazazi wake kuhusu wasichana hao. Fundi aliketi nyuma kama kawaida yake, lakini hakukaa hata dakika tano.

"Huyu si ndiye yule wa kapu?" mzazi mmoja akauliza. "Aje mbele huyu, atusemee!"

Akasukumwa mpaka mbele. Mwalimu mkuu, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, aliomba jambo hilo lisiandikwe kwanza, lisubiriwe. Alisema amefundisha miaka ishirini na sita na hajawahi kuona darasa lililoozeshwa na mtoto mmoja. Fundi akamjibu kwa heshima zote kwamba mwalimu ni mtumishi, kauli ni ya wazazi. Hilo nalo lilikuwa limesemwa kwenye kipindi.

Mama mmoja wa safu ya pili akanyoosha mkono. "Ndugu msemaji, samahani. Na akiwa ni wako?"

"Dada yangu, hilo nimeshalijibu mbele ya nchi nzima."

Wakampigia makofi. Yule mama akakaa. Azimio la kutowarudisha wasichana hao likaandikwa, fundi akaulizwa neno gani litangulie na neno gani lifuate, akawa anaelekeza kidole hewani kama mtu aliyezaliwa kwenye mikutano. Mwisho akasaini wa kwanza.

Jioni alisimulia yote mezani, mpaka sauti ya mwalimu mkuu akaiigiza. Binti yake alikuwa anakula kidogo kidogo, amevaa sweta wakati wa joto.

"Umesaini, Baba?"

"Nimesaini."

"Kwa jina lako?"

"Majina yangu yote matatu, tena kwa mwandiko mzuri."

"Hongera," binti akasema, akaomba ruhusa ya kwenda kulala. Fundi alidhani mtoto anajivunia baba yake. Mpaka leo akikumbuka alivyodhani hivyo, hushika kichwa.

Siku mbili baadaye binti hakurudi kutoka shule. Fundi alikuwa bado karakana, anapiga simu kwa kila mtu anayemjua, simu yake ilipoita. Alikuwa dada yake, dobi anayeishi mwendo wa saa mbili kutoka pale.

"Kaka, acha kuhangaika. Mtoto yuko kwangu."

"Kwako? Amefuata nini huko siku ya shule?"

"Amefuata pa kukaa. Wewe umesimama au umekaa?"

"Sema tu."

"Kaa kwanza."

Akakaa juu ya kochi ambalo halijawekwa sponji, mbao zikamkata mapaja. Dada yake akamwambia kwamba mtoto ana mimba, inaingia mwezi wa tatu. Akamwambia mtoto anakula vizuri na halii tena.

"Mpe simu niongee naye."

"Hataki."

"Mwambie ni baba yake!"

"Nimemwambia ni wewe ndiyo maana hataki. Kaka, amesema nikwambie kitu, na mimi nakwambia kama kilivyo, usinigombeze. Amesema usijisumbue kulitoa tunda. Limejitoa lenyewe."

Mshonaji na mpaka vanishi waliona uso wa mwenzao, wakazima televisheni bila kuambiwa.

Nyumbani mkewe alianza kwa kumlaani mtoto, akasema amewaaibisha, akasema angekuwa karibu angemvunja miguu. Alisema hivyo kama robo saa. Halafu akamgeukia mume.

"Mimi ndiye nilikuwa namchapa. Mimi nilijua kabisa hatanifuata mimi. Lakini wewe? Huyu mtoto akijikwaa tu alikuwa anaita Baba!"

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Si ungesema hujui! Umeulizwa, sema sijui! Wewe unajua nini habari za mimba? Siku ninajifungua ulikuwa unamuuliza muuguzi funguo za nyumba nimeziweka wapi."

"Mama watoto, nilikuwa nasema kwa ujumla..."

"Mkuki kwa nguruwe," mkewe akasema, na hakuumalizia usemi wenyewe. Akaingia chumbani kwa binti, akaanza kukunja nguo zilizokuwa zimeshakunjwa.

Wiki ile fundi alivaa koti lake la pekee akaenda shule. Alisubiri kwenye benchi la nje pamoja na wanafunzi wawili waliochelewa kufika, nao wakawa wanamtazama na kunong'ona, "Ndiye." Alipoitwa ndani alikuwa ameshaandaa uongo.

"Mwalimu, nina jamaa yangu. Ana binti, sasa limemkuta jambo. Nilitaka kuuliza kama, akishajifungua, shule inaweza kumpokea kimya kimya."

Mwalimu mkuu hakuuliza ni jamaa gani. Alishajua, dawati la binti dirishani lilikuwa wazi tangu Jumatatu. Angeweza kumkomoa, na fundi mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa akingoja kukomolewa. Badala yake mama yule alifungua faili taratibu, akatoa karatasi, akaigeuza imwelekee mgeni wake.

"Mwambie jamaa yako mikono yangu imefungwa na hii."

Fundi akaona majina yake matatu, na chini yake mstari wa madoido aliouchora siku ile kwa furaha.

"Haiwezi kufutwa?"

"Walioandika ndio wanaofuta. Kikao kijacho ni muhula ujao." Kisha akavua miwani. "Mzee wangu, mtoto anaendeleaje?"

"Jamaa yangu anasema anakula vizuri," fundi akajibu. Alitoka bila kuaga, akawapita wale wanafunzi wawili mbio mbio.

Alikwenda kwa dada yake mara tatu katika wiki zilizofuata. Mara zote tatu binti alikuwa chumbani na mlango umefungwa, na fundi alikunywa chai barazani, akaacha mfuko wa matunda na vitambaa vya pamba, akarudi. Mkewe alipokwenda peke yake alifunguliwa. Mama na mtoto walilia, wakasameheana kwa kelele, kisha mama akaanza kumfokea jinsi anavyokaa. Fundi aliposikia hayo alifurahi, na aliumia pia, maana kugombezwa kule angekulipia kwa chochote alicho nacho.

Kisha televisheni ikageuka. Jioni moja kipindi kilimleta daktari, mwanamke mwenye sauti ya pole, pamoja na msichana aliyekaa ameipa kamera mgongo. Msichana alieleza alivyokuwa wa kwanza darasani, na sasa anachota maji ya watu. Daktari alimshika bega. Mpaka vanishi akaacha brashi ndani ya kopo. Mshonaji akajifuta macho kwa kipande cha velveti.

"Hawa watoto wanaonewa," mshonaji akasema. "Warudi shule tu. Kosa moja limfungie mtu maisha yote?"

"Lakini wewe," fundi akamwambia, "juzi si ulikuwa unapiga makofi hapa?"

"Juzi ilikuwa juzi. Kwani hujamsikia daktari?"

Fundi alitazama mdomo wa mwenzake ukitoa maneno ya daktari kama yalivyo, mpaka kule kutua kwake baada ya neno maisha. Alikuwa anajiona. Aliona haya hasa, haya ya kutaka kutoka nje, kwa sababu alitambua kwamba hata yeye, kama asingekuwa na mtoto kule kwa dobi, leo angekuwa anasema hivyo hivyo kwa kujiamini kule kule. Kesho yake sura yake haikuwamo tena mwanzoni mwa kipindi. Hakuna aliyemwambia, na hakuna mteja aliyeuliza.

Muhula ulipofunguliwa alikwenda kwenye kikao akiwa hajalala vizuri. Alikuwa ameamua kusimama aseme wazi kwamba ni binti yake, awaombe, na ikibidi apige magoti. Lakini ajenda iliposomwa tu, mzazi yule yule aliyemsukuma mbele mara ya kwanza alisimama.

"Hili tusipoteze muda. Hata kwenye televisheni wameeleza vizuri, hawa watoto wasaidiwe. Au kuna mwenye neno?"

Hakuna mwenye neno. Mikono ikapanda yote. Ilichukua muda mfupi kuliko kutafuta kalamu. Fundi akaletewa karatasi asaini, na wapo waliompigia makofi. Yule mama wa safu ya pili hakupiga. Maneno ambayo fundi aliyabeba usiku kucha hayakuhitajika, akaondoka nayo.

Hata hivyo alikuwa na karatasi. Aliomba nakala, akaitia kwenye bahasha safi, akaenda nayo moja kwa moja kwa dada yake bila kupita nyumbani. Safari hii binti hakuwa chumbani. Alikuwa barazani anapiga pasi nguo za wateja, tumbo limemtangulia, amesimama mbali kidogo na meza ili lipate nafasi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Hujambo? Miguu haijavimba?"

"Sijambo."

Fundi akatoa bahasha. Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo alimpa tu. Binti aliisoma karatasi yote, mpaka majina ya chini.

"Wamekubali?"

"Wote! Hakuna hata mmoja aliyepinga."

"Hata mara ile hakuna aliyepinga."

"Mara ile watu walikuwa hawajaelewa, mwanangu."

"Na sasa wameelewa nini?"

Fundi alifungua mdomo. Kilichokuja kilikuwa cha daktari, neno kwa neno, akakimeza.

"Wakileta mgeni mwingine je?" binti akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anayetaka kujua ratiba. "Mimi nitakuwa darasani siku hiyo, mtoto nimemwacha kwa shangazi. Nitaambiwa nitoke tena?"

"Mimi sitasaini tena kitu kama kile. Hata waniue."

"Najua." Akanyoosha mkono wa shati juu ya meza, akaupitisha pasi. "Baba, yale maneno ulikuwa unayaamini?"

"Hapana. Haki ya Mungu, hapana. Niliyasikia tu. Yalikuwa yanasikika vizuri."

Binti akaisimamisha pasi. "Bora ungekuwa unayaamini. Ningekuja tukabishana. Wewe nakujua, nikilia kidogo unalegea. Lakini hayakuwa yako. Nilikuwa nakuangalia pale kwenye kioo sikuoni, nikakosa wa kumwendea."

Fundi alikuwa analia sasa, na hakujificha. Ndani, dada yake alipunguza maji ya bomba.

"Siku ile ile nilikuwa nakuja kukwambia," binti akaendelea. "Kabla ya Mama. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi, nikawa nayarudia njia nzima kutoka shule. Nimefika, nikakuta majirani."

"Niambie sasa. Nakusikiliza, mwanangu. Niambie yote."

Binti alimtazama, na alijaribu kweli. Midomo ilisogea bila sauti, macho yakaenda pembeni kama ya mtoto anayetafuta jibu ubaoni. Alingoja. Baba yake alingoja.

"Sijui yalianzaje," akasema mwisho. "Nimeyasahau, Baba."

Akashika pasi, akavuta shati jingine la mteja, akaanza na kola.